Kocha Wasis na Alama za Majirani

Kwa miaka kumi na minane Wasis alikuwa kocha wa mpira, na hakuna mtu wa kitongoji chake, Tegalrandu, aliyelijali hilo. Alichukua ubingwa wa Italia mara nne. Aliipandisha daraja timu moja ya Uskochi iliyokuwa haina hata uwanja wa maana, akafukuzwa kazi Ureno kwa kugombana na mwenye klabu, na yote hayo aliyafanya akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine yake ya fotokopi, huku wanafunzi wakisubiri awatolee kopi za mitihani. Lilikuwa gemu la kompyuta, lile ambalo huchezi mpira wewe mwenyewe bali unawapanga wanaocheza: nani aanze, nani apande, nani amkabe nani. Ukishapanga, unatulia na kutazama vidoti vyenye majina vikikimbizana kwenye uwanja wa kijani. Wenye kujiona na akili husema huo ni mchezo wa wasio na kazi. Waseme tu. Kazi aliyoifanya Wasis kwenye gemu lile, wengi wetu hatujaifanya kwenye ajira zetu.

Mwenyewe hakuwahi kucheza mpira. Akiwa na miaka kumi na mmoja alidandia lori la miwa, kama walivyofanya watoto wote wa Klaten, wilaya ya mashamba ya miwa, msimu wa mavuno, akachomoa muwa, akaanguka nao. Goti la kulia lilipona vibaya, na tangu siku ile mguu haukunyooka. Jioni wenzake waliposhuka uwanjani yeye alipanda juu ya ukuta wa shule akatazama. Alitazama hivyo mpaka akaota ndevu, akaoa, akafungua duka lake mkabala na uwanja huohuo. Wachezaji wa kitongoji aliwajua kwa mwendo tu, hata vumbi likiwa limewafunika.

Mwaka huu kocha wa zamani wa timu ya kitongoji alihamia Bekasi kwa mwanawe, na kamati ya sherehe za uhuru, inayopeleka timu kwenye kombe la vitongoji, ikakaa kutafuta mwingine. Tegalrandu walikuwa hawajapata hata sare mbele ya Kalipetung, kitongoji cha ng'ambo ya mfereji, kwa miaka sita. Mtu mmoja akatania kwamba apewe Wasis, maana yule ana makombe mengi kuliko mkoa mzima. Watu wakacheka. Pak Harjito, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amechoka na kikao kimeshakuwa kirefu, akaliandika jina.

"Tuanze na mechi ya kwanza, hiyo ya Kalipetung," alimwambia Wasis, aliyekuwa amekaa nyuma. "Mambo yakienda vizuri, utaendelea. Yasipoenda, tutatafuta mwingine, na mdogo wangu Wasis hatakasirika, sivyo?"

Wasis alisema hatakasirika. Ndivyo watu wa kule walivyo. Ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuuweka pale.

Alirudi nyumbani. Mkewe, Rumiyati, alikuwa kwenye cherehani anashona sare za shule. Alimsikiliza bila kuinua macho, kisha akamuuliza kama amepewa timu au ametaniwa.

"Vyote viwili," Wasis alisema.

"Basi iwahi kabla hawajakumbuka kwamba walikuwa wanatania."

Akaiwahi kweli. Gemu lile lina mlango wa nyuma unaokuruhusu kuunda wachezaji wako mwenyewe, na Wasis akawaunda majirani zake wote, mmoja baada ya mwingine. Kila mchezaji hupewa alama kati ya moja na ishirini kwa kila jambo: kasi, pumzi, pasi, vichwa, ujasiri, utulivu, uongozi, moyo wa kushirikiana. Hapo ndipo miaka yake ya ukutani ilipofaa. Alijua kwamba Giyarto, kipa, hufumba macho krosi ikija. Alijua kwamba Nanang wa upande wa kushoto hukimbia kama kuku aliyeona kisu, lakini akifika mbele ya goli hubabaika. Aliandika alivyoona. Mashine ya namna ile ukiidanganya nayo inakudanganya: ukimpa mtu kasi asiyokuwa nayo, inakushindia mechi kwenye kioo, halafu siku ya siku unavuna aibu.

Kalipetung nao aliwaingiza, maana na wao aliwatazama miaka mingi, akawachezesha. Alianza na mpangilio ule wa siku zote, ambao haukuhitaji kocha: mpira wote apelekewe Darsono mbele. Darsono ndiye alikuwa nahodha, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, bonge la mtu, miaka arobaini na mmoja. Ujanani alifika kufanya majaribio na timu ya daraja la pili huko Solo, na kitongoji kizima hakijaacha kulisimulia jambo hilo, yeye akiwa wa kwanza. Kwenye kompyuta Wasis alicheza mechi kumi kwa mpangilio ule. Alipoteza nane. Mabeki wa Kalipetung walikuwa vijana; kila mpira uliokwenda kwa Darsono waliufikia kabla yake.

Alibadilisha mawinga, hakupata kitu. Alijaza viungo watano, akafungwa vilevile. Siku ya nne ndipo alipothubutu kufanya lile ambalo hakuna aliyewahi kulitaja kwa sauti Tegalrandu. Alimshika Darsono kwa kipanya, akamburuta kutoka mbele, akampitisha katikati ya uwanja, akamweka mbele ya mabeki, kwenye namba sita. Huko hakuna haja ya kukimbia. Mtu anasimama, anauona uwanja wote, na mpira ukimfikia anaurusha mbali kwa wenye miguu. Akamweka mbele Tirto, muuza kuku, mwembamba mwenye mbio. Akacheza mechi kumi tena. Alishinda tano, akatoa sare tatu. Wasis aliinuka kwenye kiti akaizunguka mashine ya fotokopi mikono juu kana kwamba amefunga yeye.

Akaamua kuzichapa kurasa za wachezaji, ukurasa mmoja kwa kila mtu, azitandaze sakafuni azitazame kwa pamoja. Wino wa mashine ulikuwa unaelekea ukingoni. Karatasi za kwanza zikatoka na michirizi myeupe, lakini zinasomeka. Akatia wino mpya, akachapa upya, na zile mbovu akazitupa kwenye boksi la karatasi chakavu. Tuseme kweli, mtu mwenye duka la fotokopi Klaten hapaswi kusahau boksi lile linakwenda wapi.

Linakwenda kwa muuza vitafunio. Kila Jumatatu asubuhi Bu Tumiyem, mwenye mkokoteni wa tempe, vile vipande vya soya, na ndizi za kukaanga pale kona ya uwanja, hupita dukani, humwachia Wasis kifurushi cha tempe za moto na pilipili zake, na huondoka na boksi. Karatasi zile ndizo anazofungia. Katika mji ule watu hula huku wakisoma. Wasis mwenyewe amewahi kusoma nusu ya barua ya talaka chini ya ndizi mbili, na hadi leo anajiuliza iliishaje.

Alhamisi ilikuwa mazoezi ya kwanza ya mfumo mpya. Wasis alifika uwanjani saa kumi kasoro na filimbi mpya shingoni. Saa kumi na nusu alikuwa bado peke yake na mbuzi watatu. Kisha ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, wote wa adabu, wote na picha ya viganja vilivyokutanishwa kuomba radhi. Giyarto alikuwa na mafua. Nanang alikuwa na mgeni. Tirto alikuwa anasubiri vifaranga. Darsono hakuandika kitu.

Wasis alikwenda kwenye mkokoteni wa Bu Tumiyem kujipoza roho kwa tempe tano. Ya tatu ilipotoka, chini yake, kwenye mafuta, palikuwa na jina. GIYARTO. Kipa. Ujasiri 6. Krosi 4.

Alisimama pale mdomo umejaa. Bu Tumiyem akamwambia, kwa furaha ya mtu anayetoa habari njema, kwamba karatasi za wiki hii zimependwa sana.

"Watu wanakuja wanauliza kama yao imebaki," alisema. "Pak Darsono juzi alisoma yake mpaka tempe zikapoa. Hakuzila, mwanangu. Alizikunja humohumo akaondoka nazo."

Mtu anayeishi mahali ambapo watu hugombana waziwazi hataelewa uzito wa jambo lile. Tegalrandu mtu hamwambii mwenzake kwamba mchuzi wake una chumvi nyingi. Atasema anapenda mchuzi wenye nguvu. Na Wasis alikuwa amewaandikia wanaume kumi na watano, majirani zake, waliozika wazazi wake, upungufu wao kwa namba, kisha akawapelekea pamoja na chakula. Aliona timu inamponyoka mkononi hata kabla ya kuigusa, na aliumia. Alitaka kulia, na kama si mbuzi wale na Bu Tumiyem, angelia.

Rumiyati aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu alimwona mumewe usoni, akaacha.

"Nenda ukaombe radhi," alisema. "Nyumba kwa nyumba, kama siku ya Idi. Na usije ukaisingizia kompyuta. Kompyuta haimjui Giyarto."

Akaenda, na majani ya chai na sukari kwenye mifuko, mguu wake ukimburuta kwenye vichochoro kwa siku mbili. Na hapo akajifunza jambo ambalo gemu halikuwahi kumfundisha. Kila nyumba walimpokea vizuri, kila nyumba walisema hawakukasirika hata kidogo, na kila nyumba, baada ya chai, mwenye nyumba alishusha sauti akamwambia kwamba alama za wenzake ni za haki tupu. Giyarto aliona utulivu wa Nanang umependelewa. Nane ni nyingi mno. Nanang alisema ujasiri wa Giyarto si sita, ni tatu, na alikuwa tayari kuleta mashahidi. Tirto alizikubali zote kasoro yake ya vichwa. Nyani haoni kundule, na Tegalrandu nzima ilikuwa imekalia yake. Lakini kila mmoja alimalizia kwa maneno yaleyale, kwamba atakuja mazoezini, bila shaka, Mas Darsono, yaani kaka Darsono, akija. Bila nahodha hawatii mguu uwanjani.

Kwa Darsono alikwenda mwisho, kama mtu anayeacha dawa chungu hadi jioni. Alimkuta kwenye mashine ya kukoboa, nyusi zimejaa pumba. Darsono aliizima mashine, akaagiza chai yenye sukari nyingi, akamuuliza Wasis habari za mama mkwe na bei ya karatasi siku hizi. Wasis alipoanza kuomba radhi alimkatiza kwa upole, akasema hakuna neno. Alilisema mara tatu. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana tusi lina pa kushika. Wasis aliondoka akijua kwamba mambo yameharibika kabisa, na usiku ule hakuifungua kompyuta.

Mechi ilikuwa imebakisha siku nane Darsono alipoingia dukani, Jumamosi mchana, wakati hakuna mteja. Alikuwa amevaa shati la kwendea harusini, mkononi ana kadi ya familia.

"Kopi tatu," alisema.

Wasis akatoa. Darsono akazitazama, akazikunja, akasema labda atahitaji nyingine mbili. Wasis akatoa na hizo. Hakuna ofisi duniani inayotaka kopi tano za kadi ya familia, na wote wawili walilijua hilo.

"Ile mashine yako," Darsono alisema hatimaye, akitazama ukutani, "inaruhusu kubadilisha?"

"Inaruhusu, Mas."

"Ile tano ya kasi. Iweke kumi na mbili. Haigharimu kitu, sivyo? Ni namba tu."

Kweli haikugharimu kitu. Ilikuwa kubofya mara mbili, na Darsono angerudi, na akirudi Darsono wangerudi wote. Wasis aliushika mkono wake uliokuwa umeshafika kwenye kipanya. Tangu utoto alikuwa hajamkatalia mtu aliyemzidi umri, si sukari, si kopi za bure, si kiti. Hata jina hakuwahi kumwita Darsono bila kutanguliza hilo Mas la heshima, na alipofungua mdomo sauti ilitoka nyembamba.

"Siwezi, Mas."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nikiandika kumi na mbili, mashine itakutuma mbele ukakimbizane na vijana. Nitaamini ninachokiona hapa, nitakupanga hivyo Jumapili, na watakuaibisha mbele ya watu. Nimekutazama miaka ishirini na tano. Siwezi kukuandika mtu mwingine."

Darsono aligeukia barabarani. Njia nzima ilisikika: pikipiki, kengele ya muuza barafu, kila kitu isipokuwa cherehani ya Rumiyati, iliyokuwa imesimama nyuma ya pazia linalotenga duka na nyumba kwa sababu Rumiyati alikuwa anasikiliza.

"Miaka ishirini na tano," Darsono alisema. "Mke wangu hajanitazama hata mitano." Akavuta stuli akakaa, na stuli ikalalamika. "Haya. Kama siwezi kukimbia, umeniweka wapi?"

Wasis akaigeuza kompyuta imwelekee. Akamwonyesha ukurasa wake wote, kwa sababu jicho la mtu huenda panapouma, na Darsono alikuwa ameishia kwenye ile tano na ile sita ya kushirikiana. Hakuwa amefika chini kwenye pasi ndefu, kumi na sita, wala kwenye uongozi, kumi na nane, ambayo hakuna mwingine wa Tegalrandu aliyeikaribia. Darsono alizipitia kwa kidole, polepole. Akauliza sita ya kushirikiana imetoka wapi, na Wasis, kwa kuwa alikuwa ameshalowa, akaamua kuoga. Alimtajia mechi tatu, miaka yake, na majina ya watu waliokuwa peke yao mbele ya goli wakisubiri pasi ambayo hadi leo wanaisubiri.

"Ile ya mwaka wa mafuriko jua lilinipiga machoni," Darsono alisema.

"Kulikuwa na mawingu, Mas."

Nyuma ya pazia Rumiyati alikohoa.

Darsono alitaka ushahidi. Wasis akamchezeshea mechi ya kwanza, yeye akiwa mbele kama zamani. Vidoti vikaanza kukimbia, na mtu mzima yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga akaanza kukifokea kidoti chake: kwamba kinangoja nini, kwamba mpira uko pale, kwamba miguu yake imefungwa kamba au vipi. Walifungwa mbili bila. Akataka irudiwe. Walifungwa tatu kwa moja, na moja hiyo aliifunga Tirto. Ya tatu Darsono hakuitaka. Alisogea, akaomba kipanya, na kwa mkono wake mwenyewe, akihema, akakiburuta kidoti chenye jina lake kutoka mbele hadi mbele ya mabeki. Wasis hakumsaidia. Walicheza hadi mwanga ukapungua dukani. Mechi ya mwisho kidoti cha Darsono kilikuwa kimesimama katikati, hakijatoka jasho, kinagawa mipira kulia na kushoto kama bwana harusi anayegawa pilau.

"Mazoezi saa ngapi kesho?" aliuliza akiinuka.

"Saa kumi, Mas."

"Waambie wasichelewe. Hasa huyo Giyarto mwenye mafua." Akaziacha kopi zote tano mezani.

Walifanya mazoezi wiki nzima, na haikuwa rahisi, maana mwili una mazoea yake. Jumapili watu walijaa kando ya uwanja tangu saa tisa. Bendera ndogo nyekundu na nyeupe zilitundikwa kutoka goli hadi goli, watoto walikuwa juu ya ukuta wa shule, na Pak Harjito alikaa kwenye kiti cha mbele akiwa na daftari la kamati. Wasis naye aliwekewa kiti, kwa ajili ya mguu. Alikaa ukingoni mwake kama mgeni.

Kipindi cha kwanza mambo yalikwenda. Darsono alisimama alipowekwa, akapiga pasi mbili ambazo watu walizishangilia kabla hawajajua nani kazipiga. Lakini kabla ya mapumziko ilikuja krosi, Giyarto akafumba macho, na Kalipetung wakawa mbele. Na kipindi cha pili kilipoanza, nahodha akaanza kupanda. Kwanza hatua tano. Kisha kumi. Dakika ya kumi alikuwa amesimama kulekule mbele alikozeekea, anaomba mpira kwa mikono miwili, na nyuma yake pamebaki pengo ambalo vijana wa Kalipetung walipita watakavyo. Mwamba wa goli uliwaokoa Tegalrandu mara mbili.

Wasis aliona. Alimwita Nanang pembeni akamwambia amfikishie Mas Darsono kwamba, kama haitamsumbua, ashuke kidogo. Nanang akaenda, akarudi, akasema amesema sawa. Hakushuka. Wasis akamtuma Tirto: kwamba kocha anaomba, Mas akipata nafasi. Akamtuma beki wa kulia na salamu ndefu zaidi. Kadiri hatari ilivyozidi ndivyo adabu ilivyozidi, na dakika zikapita kumi, kumi na tano, ishirini. Nyuma yake mtu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba labda kompyuta imezimika umeme. Watu wakacheka. Pak Harjito alifungua daftari lake akatafuta kalamu.

Wasis aliona kalamu ile. Akasimama. Akauburuta mguu mpaka kwenye mstari wa chokaa.

"Darsono," alifoka. "Rudi nyuma!"

Darsono tu, bila Mas. Kwa sauti ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia. Watu waligeuka. Muuza barafu aliishika kengele yake isilie. Katikati ya uwanja Darsono alisimama, mikono kiunoni, akamtazama mtu yule aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mitano, ambaye hajapiga mpira hata siku moja, na aliyemwita jina lake tupu mbele ya vitongoji viwili. Wasis aliyatamani maneno yake yarudi mdomoni, lakini hakuyaomba. Alinyoosha mkono akamwonyesha mahali.

Darsono akageuka, akarudi. Hakukimbia, maana kukimbia si kwake. Alitembea hadi mbele ya mabeki wake, akasimama pale, akawafokea mabeki wajipange.

Dakika ya themanini alinasa mpira bila kutoka alipo, akainua kichwa, akaupiga mrefu upande wa kushoto. Nanang aliufukuzia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubabaika. Alimwona Tirto. Tirto aliusukuma wavuni kwa goti, si kwa ustadi, kwa goti tu, na Tegalrandu nzima ikamwagika uwanjani hadi refa akatishia kuvunja mechi. Ikaisha moja kwa moja. Sare tu, wala si kombe, na bado kulikuwa na mechi mbili za kundi. Lakini wazee walikumbatiana kama watu waliofika salama kutoka mbali.

Wasis alibaki palepale kwenye mstari. Alimwona Darsono anakuja, jezi imelowa, uso haujulikani umebeba nini, na watu wakawapisha njia. Wasis akainamisha kichwa, akakutanisha viganja.

"Mas, naomba radhi. Pale nilipo..."

"Radhi ya nini?" Darsono alisema, akakaa kwenye kiti cha kocha bila kuombwa na kuanza kufungua kamba za viatu. "Dakika ishirini nzima unaniletea salamu kama mtu anayeposa. Kumbe sauti unayo." Akavua kiatu, akakung'uta vumbi, akainua macho. "Alhamisi tunacheza tena. Sauti hiyo itoe mapema."